Kiwi cha Usiku na Kioo cha Dereva

Chini ya kioo cha ndani ambacho dereva wa gari dogo hukitumia kutazama nyuma, mara nyingi kuna kijiti kifupi cha plastiki. Madereva wengi hukigusa kila asubuhi wanaporekebisha kioo, na baadhi yao hudhani kwamba kimewekwa hapo ili vidole visichafue kioo. La hasha! Madhumuni ya makala haya ni kueleza kazi ya kijiti hicho kwa kutumia fizikia ya nuru ambayo mwanafunzi wa sekondari ameshaisoma, na kuonyesha jinsi gari lililo nyuma ya dereva linavyoweza kuwa sababu ya kugongwa kwa mtu aliye mbele yake.

Tuanze na safari. Barabara ya kutoka Chalinze kwenda Segera hupita katikati ya vijiji, na jua likishakuchwa watu huendelea kutembea kandokando yake: mama anayerudi kutoka gengeni, wanafunzi waliochelewa, mwendesha baiskeli mwenye gunia la mkaa na asiye na taa. Tangu mwaka 2023, mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha nchini Tanzania, jambo tutakalolieleza linawahusu watu wengi zaidi kuliko zamani. Dereva wetu anakwenda kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, naye amewasha taa za dimu kwa sababu kuna gari linakuja mbele. Nyuma yake, umbali wa mita 20, kuna gari jingine lililowasha fulu. Kioo cha ndani kinawaka kama jua dogo. Dereva anakunja uso na kunung'unika kwamba macho yanamuuma. Hajui kwamba maumivu hayo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni kile ambacho haoni tena.

Chandarua ndani ya jicho

Jicho si chombo safi kabisa. Konea, lenzi na ute uliomo ndani ya mboni huruhusu nuru kupita, lakini sehemu ndogo ya nuru hiyo hutawanyika njiani, kama nuru ya taa inavyotawanyika katika ukungu. Nuru iliyotawanyika haiendi mahali pake. Huangukia sehemu zote za retina, hata zile ambazo zilikuwa zikipokea picha ya barabara yenye giza. Msomaji aliyewahi kulala ndani ya chandarua anaijua hali hii. Taa ikiwa ndani pamoja naye, chandarua hung'aa na vitu vilivyo nje havionekani; taa ikizimwa, chandarua ni kilekile lakini sasa nje kunaonekana. Taa za gari la nyuma zinapoakisiwa na kioo huwasha chandarua cha namna hiyo ndani ya jicho la dereva. Hiki ndicho Kiswahili kinachokiita kiwi.

Ukubwa wa kiwi unaweza kukadiriwa kwa hesabu. Katika miaka ya 1920, Holladay huko Marekani na Stiles huko Uingereza walichunguza jambo hili kwa vipimo, na kanuni iliyotokana na kazi yao bado inatumika. Tukiita mwangaza unaoliangukia jicho kutoka kwenye taa E, kwa kipimo cha luksi, na pembe kati ya taa hiyo na mahali dereva anapotazama θ, kwa nyuzi, basi mng'ao wa utando wa nuru uliotandazwa juu ya picha yote ni

L = 10E ÷ θ²

kwa kipimo cha kandela kwa mita ya mraba. Kanuni hii hufaa kwa pembe kuanzia nyuzi 1 hadi nyuzi 30 hivi.

Sasa tumrudie dereva wetu. Tuseme kila taa ya gari la nyuma inatupa kandela 10,000 kuelekea kwenye kioo. Taa mbili ni kandela 20,000. Kwa kanuni ya mraba wa umbali, mwangaza unaofika kwenye kioo ni 20,000 ÷ 20², yaani luksi 50. Kioo kizuri huakisi kama asilimia 80, kwa hiyo jicho hupokea luksi 40. Ili namba hiyo isibaki kuwa namba tu, ikumbukwe kwamba mwezi mpevu angani hutupatia kama robo ya luksi. Kioo kiko nyuzi 30 kutoka katika mstari wa macho ya dereva anayetazama barabara. Utando wa nuru basi ni 400 ÷ 900, au kandela 0.44 kwa kila mita ya mraba.

Je, hiyo ni nyingi? Inategemea tunailinganisha na nini. Chukua mtu aliyevaa nguo nyeusi, ambaye mng'ao wake katika taa za dimu ni 0.05, naye anaonekana mbele ya lami na majani yenye mng'ao wa 0.15. Jicho humtambua mtu huyo kwa tofauti baina yake na mazingira yake, ikigawanywa kwa mng'ao wa mazingira hayo: 0.10 ÷ 0.15, au asilimia 67. Utando wa nuru unapoongezwa juu ya vyote viwili, tofauti inabaki 0.10 ileile, lakini kigawanyo kinakuwa 0.59, na jibu linashuka hadi asilimia 17. Yule mtu hakuondoka barabarani wala nguo zake hazikubadilika. Ametoweka ndani ya jicho la dereva.

Na hapo tumedhani kwamba dereva anatazama mbele. Akikosea na kuinua macho kukitazama kioo chenyewe, θ inakuwa ndogo sana na utando unakuwa mzito mno. Zaidi ya hayo, rangi ya kikemia iliyomo katika seli za retina, ile inayoziwezesha kuhisi nuru hafifu, huchujuka kwa nuru kali na huhitaji muda kujijenga upya. Mboni inaweza kupanuka kutoka milimita 2 hadi milimita 7, lakini hilo huongeza nuru kama mara 12 tu. Kazi kubwa ya kuzoea giza hufanywa na kemia, na kemia haina haraka. Seli za fimbo huhitaji nusu saa hivi kufikia uwezo wao wote. Barabarani hatuhitaji uwezo wote huo, lakini hata sekunde 3 za kuona vibaya si jambo dogo: kwa kilomita 80 kwa saa gari limekwisha kwenda mita 67, na taa za dimu mara nyingi hazimwonyeshi mtu wa nguo nyeusi aliye mbali zaidi ya mita 50 hivi.

Umri nao una sehemu yake. Lenzi ya jicho hupoteza usafi wake kadiri miaka inavyopita, na watafiti huizidisha kanuni tuliyoiandika kwa 1 + (A/70)⁴, ambapo A ni umri. Mzee wa miaka 70 basi ana utando mara mbili ya ule wa kijana. Mwandishi wa makala haya, aliyetimiza miaka 45, tayari amewazidi wanafunzi wake kwa asilimia 17, na hilo ni jambo ambalo hakulihitaji kanuni ili alijue.

Vioo viwili katika fremu moja

Sasa tukitazame kijiti. Wanafunzi wakiulizwa kinafanya nini, karibu wote hujibu kwamba kinakitia kioo giza. Jibu hilo ni kosa, na kosa lenyewe lina faida kwa mwalimu, kwa kuwa hakuna kitu chochote ndani ya kioo kinachobadilika. Kijiti huinamisha kioo kidogo tu. Siri iko katika umbo la kioo.

Kioo cha nyumbani kina nyuso mbili zilizo sambamba: uso wa mbele ambao ni kioo kitupu, na uso wa nyuma uliopakwa utando wa madini unaoakisi. Kioo cha gari cha namna hii si sambamba. Kimechongwa mfano wa kabari, kinene upande wa juu na chembamba upande wa chini. Kwa hiyo ni vioo viwili vinavyoelekea pande mbili tofauti. Uso wa nyuma, wenye madini, huakisi kama asilimia 80 ya nuru. Uso wa mbele huakisi kidogo, na kiasi chake hupatikana kwa kanuni ya Mfaransa Augustin Fresnel. Kwa kioo ambacho kipimo chake cha kupinda nuru, n, ni 1.5, mwale unaokiangukia wima huakisiwa kwa kiasi cha

((n − 1) ÷ (n + 1))² = (0.5 ÷ 2.5)² = 0.04

yaani asilimia 4.

Mchana, uso wenye madini ndio unaoelekezwa dirisha la nyuma. Uso wa mbele unaonyesha kiti cha nyuma, lakini picha yake ni hafifu na hatuitambui. Usiku dereva huvuta kijiti kuelekea kwake. Kioo huinama kutazama juu, na uso wenye madini sasa unamletea dereva picha ya dari ya gari, ambayo ni nyeusi. Uso wa mbele nao umechukua nafasi yake: unaelekea dirisha la nyuma na kumpa dereva asilimia 4 tu ya nuru ya taa. Nuru kali haikumezwa na kitu. Imetupwa mahali pengine ambapo hapana jicho.

Tofauti ya pembe kati ya picha hizo mbili si vigumu kuikadiria. Mwale unaoingia wima katika uso wa mbele huukuta uso wa nyuma ukiwa umeinama kwa pembe α ya kabari, hivyo hurudi ukiwa umegeuka 2α ndani ya kioo, na unapotoka hewani hupindwa zaidi na kuwa karibu 2nα. Kama kabari ina nyuzi 3, picha mbili zitaachana kwa nyuzi 9. Umbali wa mita 1.5 nyuma ya kioo hizo ni sentimita 24 hivi, zinazotosha kuihamisha picha kutoka dirishani hadi darini. Na kwa kuwa kioo kikigeuzwa kiasi fulani mwale hugeuka mara mbili yake, kijiti kinahitaji kukiinamisha kioo nyuzi 4.5 tu.

Turudi kwenye hesabu ya barabarani. Luksi 50 zilizokifikia kioo sasa zinakuwa luksi 2, na utando wa jicho unashuka kutoka 0.44 hadi 0.022. Tofauti ya mtu wa nguo nyeusi inarudi kuwa 0.10 ÷ 0.172, au asilimia 58. Kwa namna nyingine, kupunguza nuru mara 20 ni sawa na kulisukuma gari la nyuma hadi mita 90, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 20 ni karibu 4.5. Hata hivyo taa zake bado zinaonekana waziwazi, kwa maana jicho huhisi uwiano wa mng'ao kuliko kiasi chenyewe.

Lakini asilimia 4 ina hasara yake, na wasifiaji wa kijiti hiki mara nyingi huisahau. Baiskeli isiyo na taa, au gari lililozimikiwa na taa, halitaonekana kabisa katika uso wa mbele. Dereva anayetaka kurudi nyuma usiku hana budi kukirudisha kioo katika hali ya mchana. Vilevile, abiria akiwasha taa ya ndani, dari inang'aa, na picha yake ya asilimia 80 inaifunika picha ya barabara ya asilimia 4.

Darasani jambo hili linaweza kuonyeshwa bila gharama. Egemeza kioo cha kawaida cha kujitazamia juu ya vitabu mezani, kisha weka mbele yake kipande cha kioo cha dirisha chenye urefu wa sentimita 20. Upande wa chini vigusane, na upande wa juu vitenganishwe kwa kijiti cha unene wa sentimita 1. Pembe kati yao ni karibu nyuzi 3. Weka chumba katika giza. Mwanafunzi asimame umbali wa mita 3 akiwa na tochi ndogo kando ya jicho lake, na mwenzake ainamishe vioo vyote viwili pamoja polepole. Kwanza ataona picha kali ya tochi. Baada ya nyuzi 3 hivi picha hiyo itapotea na nyingine hafifu itatokea. Hapo mwenzake wa tatu amulike karatasi nyeupe mahali ambapo kioo chenye madini kinaelekea, na picha hafifu itazama. Mwalimu asisahau kuuliza kwa nini picha hiyo ina karibu asilimia 8 wala si 4. Kioo cha dirisha kina nyuso mbili.

Magari mengine ya kisasa hayana kijiti. Kioo chao kina vihisio viwili vya nuru, kimoja kinatazama mbele na kingine nyuma. Nyuma kukiwa na mwanga mwingi kuliko mbele, umeme mdogo hupitishwa katika dawa iliyo kati ya vioo viwili vyembamba, nayo hubadilika rangi na kuimeza nuru. Hapa ndipo ambapo jibu la wanafunzi wetu, kwamba kioo kimetiwa giza, linakuwa sahihi.

Vioo vya pembeni

Kabari haiwezi kutumika katika vioo vya pembeni, ambavyo mafundi na madereva huviita saitimira, kwa sababu nje hakuna dari nyeusi ya kuakisiwa. Madereva wa mabasi na malori hutegemea vioo hivyo peke yake, kwa hiyo kijiti hakiwasaidii. Hata hivyo, vingi vimebinuka nje, na hilo lina msaada ambao haujulikani sana. Chukua kioo kilichobinuka chenye nusu kipenyo cha mita 1.2. Fokasi yake ni mita 0.6, na taa iliyo mbali hufanya taswira yake mita 0.6 nyuma ya kioo. Jicho likiwa mita 0.7 mbele ya kioo, ukubwa wa taswira ukilinganishwa na ule wa kioo bapa ni 0.6 ÷ 1.3, au 0.46, na mwangaza unaofika jichoni ni mraba wa hiyo, kama asilimia 21. Kioo kimeitawanya nuru na kupunguza kiwi mara tano, ingawa kinamdanganya dereva kwamba gari la nyuma liko mbali kuliko lilivyo.

Jambo jingine ni jinsi vioo hivyo vinavyoelekezwa. Wengi huvigeuza ndani mpaka waone ubavu wa gari lao, na kwa kufanya hivyo hujiletea taa za gari la nyuma moja kwa moja. Ni bora dereva aegemeze kichwa karibu na dirisha lake, aelekeze kioo cha kulia mpaka ubavu wa gari uonekane kwa shida, kisha akae wima. Kwa kioo cha kushoto aegemee katikati ya gari. Kioo kilichogeuzwa nje kwa nyuzi 7 huupeleka mwale nyuzi 14 kando, mbali na macho, na pia humwonyesha dereva gari lililo ubavuni ambalo hapo awali lilikuwa limejificha.

Ziko dawa ambazo hazifai. Miwani ya giza, na hata ile ya njano inayouzwa kwa sifa nyingi, hupunguza utando wa nuru na mtu wa barabarani kwa uwiano uleule. Asilimia 17 inabaki 17, na vyote vimekuwa hafifu zaidi. Kitambaa safi ni bora kuliko miwani hiyo. Vumbi, mafuta ya vidole na mikwaruzo ya waipa katika kioo cha mbele hutawanya nuru sawasawa na lenzi ya mzee.

Inabaki chanzo chenyewe. Si kila dereva anayetutia kiwi amewasha fulu. Taa ya dimu hupangwa ishuke kama sentimita 1 kwa kila mita. Gari lenye mita 2.5 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma likipakiwa magunia hadi nyuma likazama sentimita 5, taa zake huinuka kwa 5 ÷ 250, yaani sentimita 2 kwa kila mita. Dimu iliyokuwa ikishuka sasa inapanda sentimita 1 kwa kila mita. Kama taa iko sentimita 65 kutoka ardhini, mita 50 mbele ukingo wa nuru yake uko sentimita 115, karibu kabisa na kioo cha gari dogo lililo mbele yake. Dereva huyo ataapa kwamba yuko dimu, naye atakuwa anasema kweli. Magari mengi yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye tarakimu 0, 1, 2 na 3. Kazi yake ni kuzishusha taa wakati wa mzigo, nacho kinasahauliwa hata kuliko kile kijiti.

Mwalimu anayetaka zoezi la vitendo aombe gari moja liletwe mbele ya ukuta wa shule jioni, juu ya uwanja ulio sawa, umbali wa mita 10. Wanafunzi wapime urefu wa taa kutoka ardhini, na waweke alama ukutani kwenye ukingo wa juu wa nuru ya dimu, ambao unapaswa kuwa sentimita 10 chini ya urefu huo. Kisha wanafunzi watano waingie kiti cha nyuma na sehemu ya mizigo, alama iwekwe tena, na darasa likadirie kutokana na alama hizo mbili gari limezama kiasi gani. Wale walio mbele katika hisabati waonyeshe kwa nini katika jaribio la vioo viwili picha ziliachana kwa 2α, ilhali katika kabari ya kioo kitupu ziliachana kwa 2nα.